Tope Mikononi, Lengo Akilini

Likizo iliyopita mdogo wangu wa shule ya msingi alinikariria aina tatu za udongo bila kukwama: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Nikamletea bonge kutoka nyuma ya nyumba. "Haya, huu ni upi?" Kimya! Jamani, mtoto wa Oyugis, kwetu ambako akina mama hufinyanga vyungu, haujui mfinyanzi!

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, unataka mtoto atende, si akariri tu. Mtihani wa KCPE nao ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mbona basi bado ananakili ubaoni?

Walimu wengine husema eti vifaa hakuna na muda hautoshi. Nakubali, madarasa yamejaa. Lakini hebu fikirini: chupa tatu za plastiki zilizokatwa, vitambaa, maji, na udongo wa aina tatu. Watoto wamwage maji kwa kipimo kimoja, wapime yaliyopita. Hata senti haijatumika.

Ila kuchezea tope tu si sayansi. Mwalimu aanze na lengo la mtaala. Kama ni kulinganisha upitishaji wa maji, kila kundi litabiri, lipime, liandike, kisha lieleze kwa nini viazi vitamu vya Kabondo havipendi maji yanayotuama. Hapo kutenda na mtaala vitakuwa chanda na pete.

Wenzangu wa Klabu ya Sayansi, tuwatembelee wadogo zetu tukiwa na chupa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.