Kipepeo wa magharibi kwenye mikindu

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuletea kiwavi kwenye jani siku hizi, neno la kwanza kututoka ni "piga dawa." Tuna sababu. Tangu viwavijeshi wale wenye asili ya Amerika waingie nchini mwaka 2017 na kushambulia mahindi, kila kiwavi ni adui.

Lakini kama mnaishi Makoko, kandokando ya ziwa, na karibu yenu bado kuna mkindu, angalieni makuti yake. Mkiona vijani vimebanwa pamoja kwa nyuzi nyembamba, utadhani vimeshonwa, ndani huenda amelala kiwavi wa kipepeo ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona. Wataalamu humwita Zophopetes dysmephila. Mchana anajificha humo, usiku anatoka kula. Chakula chake ni mikindu na jamii ya minazi. Mahindi yako hana habari nayo.

Akishaota mabawa ni wa kahawia, mwili mnene, vipapasio vimepinda ncha kama ndoana, na anaruka kwa kushtukiza hadi ukamdhania nondo. Ukoo wake, Hesperiidae, una aina zaidi ya 3,500 duniani, na wengi hupenda jua. Huyu hutoka giza likianza kuingia, wakati sisi tuko jikoni au kwenye simu. Ana ndugu yake Marekani ambaye ni adimu kweli: anaishi pwani ya Atlantiki tu, kwenye majani marefu ya vinamasi vya mito inayoingia baharini.

Shida ya hawa wote ni moja, makazi. Mkindu ukikatwa kupata kiwanja, au ukiungua watu wanapochoma nyasi kiangazi, kiwavi hahamii kwenye mwembe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa (ukitembea ufukweni utajionea mwenyewe inavyofuatwa).

Jaribuni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, dakika kumi zinatosha. Mtoto asishike mashina ya makuti, yana miiba mikali, wala asiingie majini, kichocho kipo. Na kama mtaani kwenu kuna bibi anayesuka mikeka ya ukindu, mwende mkamwulize. Anayechagua makuti kwa mkono wake huenda ameviona vijani hivyo vilivyoshonwa mara nyingi kuliko mwalimu yeyote.