Homa ya Mtoto Haingoji Mkutano Uishe

Mwanachama yeyote akiulizwa maadui wa taifa hujibu upesi: ujinga, maradhi na umaskini. Amefundishwa hivyo, na amefundishwa vyema. Lakini adui wa kwenye hotuba ni rahisi kumpiga, maana hupigwa kwa makofi tu. Kazi ni kumpiga pale aingiapo nyumbani usiku, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anachemka mwili, mama hajui aanzie wapi na baba hayupo. Juu ya jambo hilo twataka kusema leo, wala hatutaficha neno.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Masika yaliyopita tulikuwa katika mkutano wa tawi moja, tukihesabu kadi na kupanga ziara. Kijana akaja kumwambia ndugu mmoja kwamba mwanawe ana homa tangu asubuhi. Ndugu yule akatutazama. Sisi tuliokaa mbele hatukumwambia, "Nenda." Akaketi mpaka jambo la mwisho. Nyumbani mkewe alikuwa na nauli, ila alingoja ruhusa ya mumewe. Usiku wa manane mtoto akashikwa na degedege. Jirani, kwa nia njema, akasema sindano humwua mtoto mwenye degedege, afukizwe kwanza. Walifika zahanati alfajiri, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali. Mtoto alipona, lakini masikio yake hayasikii kama zamani. Mkutano wetu ulikwisha salama. Kila aliyekuwapo na ajihukumu.

Sasa tuseme wazi. Homa si ugonjwa, ni ishara ya ugonjwa. Yaweza kuwa malaria, nimonia, surua, sikio, koo, njia ya mkojo, au mafua tu yatakayopita yenyewe. Hakuna mama, wala mjumbe, wala daktari awezaye kujua ni ipi kwa kushika paji la uso. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, na jibu hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Malaria ya nchi yetu isipotibiwa katika saa 24 yaweza kugeuka kali na kuua, na walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5. Basi kanuni yetu iwe fupi: homa leo, kipimo leo. Si kesho, si baada ya gulio, si baba akirudi.

Wako wanaokimbilia dukani kununua vidonge kwa kukisia. Ndugu hao wakumbuke yaliyotokea. Klorokwini iliyotumika miaka mingi ilishindwa kwa kuwa vijidudu viliizoea, ikaachwa mwaka 2001. Dawa ya SP iliyoshika nafasi yake katika kutibu ikaachwa nayo mwaka 2006, ikaja dawa ya mseto. Dawa hii hunywewa mara 6 kwa siku 3, na sharti imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza. Na kipimo kikionyesha kwamba si malaria, tusimlazimishe mganga atoe dawa ya malaria. Tumwulize: ikiwa si malaria, ni nini?

Wakati wa kujiandaa kwenda, na baada ya kurudi, yako ya kufanya nyumbani. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara, na aliyeanza kula apewe maji na uji. Avuliwe nguo nzito. Asifunikwe mablanketi kwa kuwa anatetemeka, wala asimwagiwe maji ya baridi, maana hayo humzidishia kutetemeka. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, zipite saa 6 kabla ya kurudia, na isizidi mara 4 kwa siku. Uzito umeandikwa katika kadi ya kliniki. Mtoto wa kilo 10, basi, robo ya kidonge cha miligramu 500 yamtosha. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Tena tusidanganyike: parasetamoli hushusha joto, haiui kijidudu hata kimoja. Mtoto aliyepoa baada ya kuinywa bado anadaiwa kipimo.

Ziko dalili zisizongoja mapambazuko. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye shingo ngumu, aliyepauka viganja, au anayehema upesi. Kuhema upesi huhesabiwa: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 3, homa peke yake yatosha kumpeleka mara moja, naye asipewe dawa ya kukisia nyumbani.

Juu ya degedege hatutawacheka wazee wetu. Waliona kweli kwamba ugonjwa huo huja ghafula, na kwamba wengi waliopelekwa hospitali hawakurudi. Lakini hawakuuawa na sindano. Walichelewa, na sindano ikawakuta wameshakwisha. Degedege nyingine huletwa na joto lenyewe na hupita. Nyingine ni malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa wa uti wa mgongo. Nyumbani hazitambulikani. Mtoto akishikwa, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, asibanwe viungo, kisha apelekwe. Asifukizwe, maana moshi huongeza taabu ya pumzi na hula saa ambazo hatunazo.

Je, Chama kinahusikaje? Kinahusika sana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana juu ya maradhi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja daktari kila kijijini. Walianza na walichonacho.

Kwa hiyo twataka kila shina lifanye mambo manne. Kwanza, lijue nani ana pikipiki au baiskeli ya kuazimwa usiku, na jina lake lijulikane kila nyumba. Pili, liweke akiba ndogo ya nauli ya mtoto mgonjwa, itunzwe na mwanamke anayeaminiwa na wenzake. Tatu, wanaume watamke hadharani, mbele ya wake zao, kwamba mama mwenye mtoto wa homa hahitaji ruhusa ya mtu. Nne, wajumbe wafike zahanati yao na kuuliza kwa adabu lakini bila woga: vipimo vipo? Dawa ya mseto ya watoto ipo? Uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka 5 waliwekwa katika msamaha. Chama kinachoomba kura za wazazi hakiwezi kunyamaza mzazi anaporudishwa mlangoni, wala kusema tu kwamba ni kazi ya wizara.

Watu hawatatupima kwa wingi wa kadi tulizogawa. Watatupima kwa watoto waliofika shuleni wakiwa wazima, wanaosikia mwalimu anapoita majina. Basi siku ile mwanachama atakapoinuka katikati ya mkutano kwa sababu mwanawe anachemka, mwenyekiti na asimamishe mazungumzo, amwulize kama ana nauli, na amfungulie njia. Kadi zitahesabiwa kesho.