Tahariri: Dakika Sita za Mkalimani

Harusini tunajaa, msibani tunajaa. Bodi ya shule ikiitisha kikao cha wazi kuhusu watoto wenye ulemavu, hapa Houston au Dallas, kwetu haendi mtu. Sababu nyingine ni za haki: kikao kinaanza saa ile ile mama anayoingia zamu ya jioni ghalani. Sababu ya lugha ndiyo tunayoikataa.

Tangu Septemba 2019, sheria ya Texas inampa mtu yeyote nafasi ya kuzungumzia ajenda iliyo mezani kwenye bodi ya shule. Wakiweka kikomo cha dakika 3, anayesema kupitia mkalimani hupewa zisizopungua 6, isipokuwa penye mitambo ya kutafsiri papo hapo. Kwa hiyo kigugumizi cha Kiingereza si kisingizio.

Mkalimani mwombe mapema, tena kwa maandishi, na asiwe mwanao. Tulimshuhudia binti wa miaka 11 kwenye kikao cha ARD, yaani cha kupanga elimu maalumu ya mtoto, akimfasiria mama yake ripoti ya kaka yake. Mwanasaikolojia alieleza kwa dakika nzima. Binti akatazama meza, kisha akasema, "Wanasema anaendelea vizuri." Mama akatia sahihi. Katika vikao hivyo sheria ya shirikisho inaitaka shule yenyewe ihakikishe mzazi anaelewa, ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani.

Linalotuuma zaidi ni foleni. Kwa watu wenye ulemavu, Texas ina programu za Medicaid zinazolipia mhudumu wa nyumbani na siku za kumpumzisha mlezi. Watu huitwa kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha, na kwenye ile ya HCS (huduma za nyumbani na katika jamii) wengi wamesubiri zaidi ya miaka 10. Kuandikisha jina hakuhitaji cheti cha daktari. Vigezo huangaliwa zamu yako ikifika. Ni kupiga simu kwa mamlaka ya huduma za ulemavu wa akili na ukuaji ya eneo lako (ziko 39 jimbo zima), hata kwa mtoto mchanga. Sasa fikiria familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtoto wa kiume wa miaka 8 mwenye ulemavu, ikawa inamfungia chumbani kila mgeni akibisha hodi. Ikija kusikia habari za foleni ana miaka 17, atakuwa mtu mzima kabla hajaitwa.

Masheikh na wachungaji, mlezi akilemewa na mawazo, dua hatuzikatazi. Lakini mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, yaliyoanzia Australia mwaka 2000, huchukua takriban siku moja, nanyi ndio mnaogongewa mlango usiku wa manane. Anayetaka kujidhuru apigiwe simu 988. Omba mkalimani wa "Swahili".

Nanyi maofisa: mwaliko uliotafsiriwa na mashine, asiouelewa hata mwalimu wa Kiswahili kutoka Morogoro, hautamleta mtu. Tuleteeni rasimu kabla hamjachapisha. Wasahihishaji tunao, na chai ipo.