Kadi ya Sauti Iko Hai, Nani Kakwambia Imekufa?

Wewe wa Njombe mjini, kamwene! Najua unasoma hapa umejikunyata, koti juu ya sweta, maana baridi ya huko haina mswalie Mtume. Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mitoko na mapenzi. Kuna kasheshe inayowala noti vijana wengi wenye vistudio vya chumbani: kompyuta ya Linux kukigomea kile kidude cha USB cha kuchomekea maiki.

Usikunje uso, Linux siyo ya maprofesa peke yao. Tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, ni ya bure, virusi vya kwenye flashi haviisumbui kivile, na mashine iliyochoka inapata nguvu tena. Hata hapa Bongo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na mradi wa Kilinux uliotuletea Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Kwa hiyo prodyuza asiye na hela ya leseni anaweka Linux na maisha yanasonga.

Basi bwana, kuna mshikaji wangu yuko Makambako, chumba chake hakiko mbali na njia panda ya kwenda Njombe na Songea. Ukirekodi pale lazima usubiri malori ya Tunduma yapite kwanza, lakini kazi anaijua. Kwaya moja ya vijana kutoka Njombe ilishampa advansi ya laki moja na nusu, waje kurekodi Jumamosi. Jumatano umeme ukakatika. Uliporudi, maiki bubu! Unaimba mpaka mishipa inakutoka shingoni, kwenye skrini mstari umelala kama maji ya mtungi.

Akaitwa fundi mmoja, jina tuliache. Dakika mbili tu katoa hukumu: "Kadi imeungua hiyo, kaka. Chukua mpya, ninayo dukani. Laki mbili na nusu."

Mshikaji jasho jembamba, na baridi yote ile. Advansi yenyewe ilishaingia kwenye kodi ya chumba, na alikuwa anatafuta maneno ya kumpigia katibu wa kwaya. Nikamwambia tulia mwanangu, kabla ya kuzika tumpime mgonjwa. Linux huwa inaandika kila kitu, kazi yako ni kuiuliza tu.

Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike "lsusb". Hiyo inakutajia vyote vilivyochomekwa. Kama kidude chako hakimo, hapo kweli badilisha waya au tundu kabla hujalaumu kitu kingine. Cha mshikaji kilikuwemo, tena na namba zake 08bb:2902. Maiti gani inaitika jina?

Amri ya pili, "lsmod", inaonyesha madereva walioko kazini. Kila kifaa kina dereva wake, yaani moduli, ndani ya kaneli ambayo ndiyo roho ya Linux. Wa sauti ya USB anaitwa snd-usb-audio. Huyu jamaa ni mmoja lakini anaendesha karibu magari yote, maana vidude vingi vya sauti vya USB vinafuata utaratibu mmoja bila kujali kampuni. Ni wa ukoo wa ALSA, mradi alioanzisha Jaroslav Kysela mwaka 1998 na ukaingia rasmi kwenye kaneli 2.6 mwishoni mwa 2003. Naye alikuwepo kazini.

Sasa amri iliyomaliza ubishi: "cat /proc/asound/cards". Linux inazipa kadi za sauti namba kuanzia sifuri, na mara nyingi anayewahi ndiye anayekaa, kama abiria wa stendi. Kabla umeme haujakatika, USB ilikuwa namba 1. Baada ya kuwaka upya, namba 1 imekaliwa na HDMI, ile sauti inayokwenda kwenye skrini, na USB imesukumwa mpaka 2. Programu ya kurekodi haina habari, bado inasikiliza namba 1. Yaani kwaya nzima ingeimbia skrini isiyo na masikio!

Ungeweza kubadilisha namba ndani ya programu ukaondoka zako. Ila umeme wa kwetu unaujua mwenyewe, kesho zinahama tena. Dawa ni kumpa dereva amri ya kudumu. Kwenye Ubuntu na ndugu zake, angalia faili la /etc/modprobe.d/alsa-base.conf. La mshikaji lilikuwa na mstari huu:

options snd-usb-audio index=-2

Maana yake USB asikalie kiti cha kwanza hata akiwahi. Waliouweka hawakuwa wabaya, walitaka kamera ya USB yenye maiki isije ikapora nafasi ya spika zako. Lakini kwa mwenye studio ni kero tupu. Tukautia alama ya # mwanzoni ili usisomwe, chini yake tukaandika:

options snd-usb-audio index=0
options snd-hda-intel index=1,2

Huyo wa pili ndiye dereva wa sauti ya ubao wa kompyuta pamoja na HDMI. Hifadhi kwa ruhusa ya mkuu, yaani sudo, zima, washa, kisha iambie programu isikilize kadi 0. Ukimaliza fungua "alsamixer", bonyeza F6 uchague kadi, F4 uone upande wa kurekodi, maana wakati mwingine sauti imefungwa tu na mtu analia bure.

Angalizo kwa wenye haraka: ukikosea herufi, ukaandika "indx", kaneli za sasa hazilalamiki mbele yako. Zinaipuuza na kuandika kwenye "dmesg", kasome huko. Ukiona mtu anakushauri uweke "nrpacks", huyo kakariri ya zamani, ilishaondolewa. Kama una vidude viwili vya aina tofauti, tumia vid na pid, zile namba za kwenye lsusb, kila kimoja kipate kiti chake. Na kama mashine yako ni mpya, yenye PipeWire, mfano Ubuntu kuanzia 22.10, mara nyingi unachagua kifaa kwa jina kwenye mipangilio na huna haja ya vita hivi. Ya mshikaji ni mkweche, na programu yake inaongea na ALSA moja kwa moja.

Jumamosi kwaya ikashuka, nyimbo sita zikaingia. Saa kumi jioni umeme ukakata tena, ukarudi, kadi ikaamka namba 0. Yule fundi kadi yake bado iko kwenye kabati la kioo, na nasikia sasa anaiuza laki mbili.