Maua ya Harusi: Tuchague Yapi?

Huku kwetu Bunju hakipiti kikao cha harusi bila kuzuka mjadala wa maua. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo hilo, maana ladhaniwa kuwa dogo, kumbe laweza kumwumiza mtu.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja hapa kanisani alimwoza binti yake wa kwanza. Binti alitaka waridi jeupe tupu, kanisani na ukumbini, kama alivyoona katika picha. Kamati ilikuwa imetenga shilingi laki tatu, lakini gharama ikafika laki tisa. Mama hakupenda kumvunja moyo mwanawe. Alikopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, na fedha ya dawa zake za presha akaitia humo humo kwa miezi miwili.

Waridi zilikuja kwa basi kutoka Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 600, kisha zikashinda ndani ya gari lililoegeshwa juani. Bibi harusi alipoingia kanisani saa 9 alasiri, maua yalikuwa yameinamisha vichwa. Wiki mbili baadaye mama yule alikuja zahanati akiwa amejishika kichwa. Tulipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110.

"Sista, msinigombeze," alisema. "Nilitaka mwanangu apendeze."

Hatukumgombeza. Tungeanzia wapi? Nasi tulikuwa wajumbe wa kamati ile ile, na gharama ya maua iliposomwa tulipiga makofi.

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo machache, nayo twapenda kuwashirikisha.

Tuanze na mfuko

Kabla binti hajaonyeshwa picha yoyote, aambiwe kiasi kilichopo. Mama aseme wazi: "Mwanangu, fedha ya maua ni hii, tuchague pamoja." Binti mwenye upendo ataelewa. Kisha tupange yapi ya lazima. Shada la bibi harusi na maua ya madhabahuni yatangulie, kwa kuwa ndiyo yatakayotazamwa wakati wa kiapo. Ya ukumbini yafuate, kama fedha imebaki. Tusisahau kumwuliza mchungaji au mzee wa kanisa. Makanisa mengine hayaruhusu kupigilia misumari wala kumwaga maua sakafuni, na wakati wa Kwaresima mengi hayafungishi ndoa.

Ua na hali ya hewa

Waridi hupenda ubaridi. Ndiyo maana hustawi Arusha, na kwa majirani zetu Kenya huko Naivasha, kwenye nyanda za juu. Likiletwa Dar es Salaam katika joto la Desemba hadi Machi, huchoka upesi. Hatusemi lisinunuliwe. Twasema linunuliwe kidogo, liwekwe mkononi mwa bibi harusi, na pengine pajazwe na maua yanayozoea pwani.

Nayo hatuna uhaba wake. Tuna asumini na mlangilangi, ambavyo akina mama wa Unguja na mwambao tangu zamani huvitumia pamoja na rehani kufungia vikuba. Tuna majani ya rangirangi katika ua wa karibu kila nyumba, na matawi ya mnazi ya kupamba lango. Kandokando ya Barabara ya Bagamoyo zipo bustani zinazouza miche na maua ya vyungu. Ua la chungu halinyauki jioni ile, na harusi ikiisha maharusi hulipeleka nyumbani kwao likaendelea kuota.

Anayeona haya kutumia maua ya nyumbani akumbuke kwamba Malkia Victoria wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1840, alivaa kichwani taji la maua ya mchungwa. Mchungwa! Mti ambao ndugu zetu wa Muheza wanao mashambani.

Kuyatunza hadi saa ya ibada

Maua yakatwe alfajiri au jioni, jua likiwa halina nguvu. Asumini ichumwe jioni ingali vikonyo, maana hufunguka usiku. Mashina yakatwe kwa mshazari kwa kisu kikali, na majani yatakayozama majini yaondolewe yasioze. Ndoo ioshwe kwa sabuni kama tuoshavyo vyombo vya mtoto mchanga. Katika kila lita 1 ya maji tutie kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ili kuzuia vijidudu. Maua yalale humo usiku kucha, mahali penye giza na ubaridi. Wala yasiwekwe chumba kimoja na ndizi au maembe mabivu, kwani matunda hayo hutoa hewa inayoharakisha maua kunyauka.

Tahadhari za afya

Tumwulize bibi harusi na wasimamizi kama yupo mwenye pumu. Harufu kali ya asumini au mlangilangi katika ukumbi uliofungwa yaweza kumbana kifua. Watoto wanaotumwa kukata majani waonywe wasiguse mnyaa wa uani, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jicho huunguza vibaya. Ikitokea, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtoto apelekwe zahanati.

Mwaka huu yule mwenzetu amemwoza binti wa pili. Safari hii alikaa na binti mezani, wakaandika hesabu kabla ya kuandika majina ya maua. Walinunua waridi dazeni moja tu, kwa ajili ya shada. Yaliyobaki tulikwenda kuyaomba kwa majirani Ijumaa jioni, tukiwa na ndoo zetu, akina mama saba, na kazi ya kufunga tuliimaliza saa 5 usiku tukicheka. Gharama yote haikufika laki moja na nusu. Jumatatu alikuja kupima presha bila kuitwa. Ilikuwa 130 kwa 80, na pakiti ya dawa alikuwa nayo mkobani.

Akina mama, harusi ni siku moja, nasi twatakiwa tuwepo kuwalea wajukuu. Tuwapambe binti zetu kwa furaha, ila kabla ya kulipia ua lolote tujiulize: fedha hii imetolewa wapi? Kama imetolewa kwenye dawa, kwenye ada ya shule au kwenye mkopo usiolipika, ua hilo turudishe.

Tuonane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.