Kabla ya Kutuma Pesa za Bwawa, Pima Udongo Kwanza

Simu hiyo huja Jumapili jioni. Uko zako Umoja, Kayole au Donholm, umetulia, mara ndugu yako anapiga kutoka Makueni: "Tingatinga iko kwa jirani. Tuma laki moja na ushee leo, kesho tunachimbiwa bwawa. Ikiondoka hairudi!" Nawe, kwa kuogopa kuachwa, unatuma.

Sisi kazi yetu ni kupitisha pesa, lakini hapa tunakwambia ngoja kidogo. Pesa za bwawa zisitoke kwa simu kabla hesabu haijatoka kwa karatasi. Anayeifanya hesabu hiyo awe wewe unayelipa, hata kama hujawahi kushika jembe.

Tuchukue mfano. Umeambiwa bwawa ni mita 15 kwa 10, kina mita 2.5, na bei ya kuchimba ni shilingi 300 kwa kila mita moja ya ujazo. Fundi anazidisha haraka: 15 mara 10 mara 2.5, anapata 375. Jumla, shilingi 112,500. Inaonekana sawa, sivyo?

Si sawa. Bwawa la shamba halichimbwi kama sanduku. Kuta zake hulala, la sivyo udongo unaporomoka. Tuseme kila ukishuka mita moja, ukuta unaingia ndani mita moja. Basi chini kabisa bwawa litabaki mita 10 kwa 5, na katikati litakuwa mita 12.5 kwa 7.5. Chukua eneo la juu (150), ongeza la chini (50), ongeza la katikati mara nne (375). Unapata 575. Gawanya kwa 6, kisha zidisha kwa kina, 2.5. Jibu ni karibu mita 240 za ujazo.

Kwa bei ileile, hiyo ni shilingi 72,000. Tofauti ni 40,500. Hizo ni pesa za udongo ambao hakuna mtu aliuchimba. Hatusemi kila fundi ni mwizi. Wengine hukadiria kwa macho tu, na hakuna anayewauliza. Uliza.

Mita 240 za ujazo ni lita 240,000. Sisi wa Eastlands tunaojua uchungu wa kununua maji kwa mtungi wa lita 20, tuseme hivi: ni mitungi 12,000. Lakini usizihesabu zote. Huko Ukambani jua linaweza kunywa milimita 5 hivi kwa siku. Kwa bwawa la ukubwa huu likiwa limejaa, ni kama lita 750 kila siku. Kiangazi cha siku 100 kinaweza kukuondolea karibu thuluthi ya maji kabla hujamwagilia sukuma hata moja.

Gharama nazo haziishii kwa kuchimba. Udongo ukiwa wa kichanga, maji yatazama, kwa hivyo utahitaji karatasi nzito ya plastiki ya kutandika. Usiipime kwa eneo la juu peke yake. Inashuka ukutani, inapita chini, inapanda upande wa pili, kisha inabaki mita moja kila upande ya kufukia. Kwa bwawa letu ni karibu mita 270 za mraba. Duka likikuuzia kwa shilingi 200 kwa mita, ni 54,000. Sasa tuko 126,000, na bado hatujagusa shimo la kunasa tope, njia ya kutoa maji yakizidi, usafiri na ua.

Ua ndio watu hukata bajeti ikibana. Tunaomba usikate. Bwawa lenye plastiki huteleza, na mtoto akitumbukia, kutoka ni shida. Kama pesa hazitoshi, punguza bwawa, ua ubaki.

Kuna jambo lingine. Ukiziba mto au kijito, hata cha msimu, hilo si bwawa la kuchimba tena. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Nenda ofisi yao ya eneo hata kama unadhani haikuhusu. Tunakumbuka Solai, Nakuru, usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipopasuka na kuua zaidi ya watu 40. Lilikuwa kubwa kuliko lako, lakini maji hayaulizi ukuta ni wa nani.

Sasa tuje kwa simu yako. Tuma kwa awamu. Kwanza, pesa ya dizeli na ya kuleta mashine, basi. Ya pili, baada ya kuona picha ya utepe wa kupimia juu na chini ya shimo. Ya tatu, lipa duka la plastiki moja kwa moja kwa namba yake ya malipo, na jina likija kwenye skrini lisome kabla ya kuweka siri yako. Asilimia 10 ibaki mpaka mvua ya kwanza ipimie kazi. Kila ujumbe wa malipo uutunze. Ndio risiti yako.

Mtu atasema: kutuma mara nne ni ada mara nne, na nyinyi ndio mnakula. Ni kweli kila awamu ina ada. Linganisha ada hizo na 40,500. Tena kumbuka, kurudishiwa pesa kupo kwa aliyekosea namba. Uliyemtumia kwa hiari, akaacha shimo nusu, hilo sisi hatuwezi kulirudisha kwa kubonyeza kitufe.

Mvua ya Oktoba haingoji mtu, hilo tunalijua. Ndiyo maana hesabu ifanywe Julai, wakati udongo umekauka na hakuna anayekuharakisha. Jumapili hii, kabla simu haijalia, wewe ndiye upige. Mwambie ndugu yako achukue utepe, atembee shambani, akutumie vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Pesa zitafuata.