Kabla hujatoa pesa, uliza: ni nzuri wapi?

Leo nina jambo la kuungama mbele yako. Mimi ninayekushauri katika ukurasa huu jinsi ya kununua vyombo vya kisasa, nilitoa ushauri mbaya, na aliyeulipia ni dada yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Mpwa wangu, kijana wa chuo kikuu, alikuwa nyumbani kwao karibu na Werugha, kule juu Taita, na sehemu kubwa ya masomo yake ya muhula huo ilikuwa kwa njia ya intaneti. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Ile rauta yako ya kutia laini, ni nzuri?"

"Marahaba. Ni nzuri sana, mpwa wangu. Nunueni bila wasiwasi."

Sikusema uongo. Hapa mjini Voi ninapoishi, kidude hicho hakijanisumbua hata siku moja. Dada yangu akauza mbuzi wawili, akaongeza pesa za kabeji, zikatimia Sh9,000. Nikaandamana na kijana hadi dukani. Muuzaji akaiwasha mbele yetu, akatuonyesha video ikicheza bila kukwama. Kijana akapanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, kisha gari jingine la kwao, akiwa amelipakata boksi mapajani kama trei ya mayai.

Saa mbili usiku simu ikalia. "Mjomba, taa ni nyekundu."

Waliihamisha kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi juu ya kabati. Ilibaki nyekundu. Niliporudi dukani, mwenye duka alinijibu kwamba chombo si kibovu, hivyo hawezi kurudisha pesa. Na kwa kweli hakikuwa kibovu. Kwa wiki tatu kijana alikuwa akiteremka Voi kutafuta saiba, akila nauli ambayo mamake hakuwa ameipangia, na kazi moja ya chuo aliituma ikiwa imechelewa, akakatwa alama.

Mlima haubembelezwi

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilijibu swali ambalo sikuulizwa. Niliulizwa kama rauta ni nzuri kwao, nikajibu kwamba ni nzuri kwangu.

Voi iko tambarare, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mlima Vuria, ulio mrefu kuliko yote katika vilima vya Taita, una zaidi ya mita 2,200. Kati ya viwango hivyo viwili kuna migongo, mabonde na makorongo yasiyohesabika. Mawimbi ya simu husafiri kwa namna inayokaribia mwanga wa tochi: mbele ya kilima, mwanga upo; nyuma yake, kivuli. Nyumba ya dada yangu iko kivulini. Jirani yake aliye juu ya mgongo, mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu, anatazama mpira kwa simu bila taabu. Zaidi ya hayo, paa la mabati nalo huzuia mawimbi, na kuta nene za mawe huyapunguza.

Ndiyo sababu ile ramani ya rangi ambayo kampuni huonyesha, kwamba eneo fulani lina mtandao, isikulaze usingizi. Aghalabu ramani hizo ni makadirio ya kompyuta. Hakuna aliyesimama jikoni kwako akapima.

Usidanganyike pia na maneno kwamba "mkongo umeshafika". Watu wa Taita Taveta wanajua vyema tofauti ya kupita na kuingia. Maji ya Mzima, yaliyo katika kaunti hii hii, hupita kwenye bomba kwenda Mombasa, na wako wanaoyasikia tu yakisifiwa. Mkongo wa SEACOM na ule wa TEAMS ilifika pwani ya Mombasa mwaka 2009, na njia ya mawasiliano hayo kwenda Nairobi hupita Voi. Lakini mkongo uliofukiwa kando ya barabara kuu hauna faida kwa nyumba isiyounganishwa nao. Swali la kumwuliza fundi wa kampuni si kama mkongo umefika mjini, bali kama utafika mlangoni pangu, lini, na kwa gharama ya nani.

Jaribio lisilogharimu mbuzi

Basi ungefanyaje? Kabla ya kununua rauta au modemu, azima simu yenye laini ya kampuni ile ile unayotaka kujiunga nayo. Isimamishe pale pale unapokusudia kuweka chombo. Mpigie mtu kwa video kwa dakika kumi. Fanya hivyo asubuhi, kisha urudie saa mbili usiku, wakati kijiji kizima kimeshika simu na mnara umeelemewa. Ukiweza, jaribu siku ya mvua na siku umeme umepotea, uone kama mnara wenyewe huzimika. Bando la siku moja litakugharimu kidogo mno ukilinganisha na Sh9,000.

Wewe uliye Taveta mjini au karibu na mpaka wa Holili una jaribio la ziada. Tazama juu ya kioo cha simu uone imeshika mtandao wa nchi gani. Mtandao wa kwenu ukififia, simu yaweza kushika mnara wa ng'ambo ya mpaka, na ukiwa umeiruhusu kutumia data ukiwa ugenini, salio laweza kuyeyuka kwa bei za kigeni. Zima ruhusa hiyo, na uchague mtandao wako kwa mkono.

Neno dogo lenye gharama kubwa

Sasa tuangalie matangazo. Ukiona "kasi ya hadi Mbps 10", lisome neno "hadi" mara mbili. Hadi ni dari, si sakafu. Tangazo halikuahidi kwamba utapata 10. Limesema tu hutapita 10. Muulize muuzaji: na ya chini kabisa ni ngapi? Akikosa jibu, umeshajibiwa.

Isitoshe, ile b ndogo ni ya biti, ilhali filamu na picha hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo Mbps 10 ni megabaiti moja na robo kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 750 haitashuka kwa sekunde 75 kama unavyodhani. Itachukua dakika kumi, na hiyo ni siku mambo yakiwa shwari.

Mambo yasipokuwa shwari, usikimbilie kununua simu mpya. Mnamo Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikawa dhaifu katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aliyelaumu simu yake siku hiyo aliionea. Waulize majirani watatu kwanza. Ikiwa wote wanalia, ugonjwa hauko mfukoni mwako.

Ushauri una kwao

Somo la rauta linahusu pia ushauri wote tunaookota mtandaoni. Tuseme umeona video ya mkulima mwenye nyanya nzuri ajabu, anaeleza apande lini na anyunyize nini. Huenda kila neno ni la kweli. Lakini yeye yuko wapi? Ndani ya kaunti hii moja, anayelima Taveta yuko kwenye joto la tambarare, na anayelima Werugha yuko kwenye ubaridi wa mlimani. Ushauri unaomfaa mmoja waweza kumtia mwenzake hasara. Sembuse video iliyotoka India au Brazil! Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako au jirani mwenye uzoefu, aipime kwa udongo wenu kabla hujanunua dawa.

Kuhusu ushauri wa vyombo vya umeme na simu, jiulize anayesifu anapata nini. Wengine hupewa chombo bure, wengine hulipwa kila mtu anaponunua kupitia kwao. Hilo si dhambi wakilisema wazi. Wakilificha, shika mfuko wako. Na zile nyota za sifa katika maduka ya mtandaoni, usisome zile za nyota tano peke yake, maana sifa zaweza kununuliwa. Soma za nyota mbili na tatu. Huko ndiko utakutana na mtu aliyekitumia chombo miezi sita akaona chaji haikai. Tazama tarehe pia, kwani huduma iliyokuwa nzuri miaka mitatu iliyopita yaweza kuwa imeelemewa na wateja.

Hesabu ya mwisho na chombo bandia

Kuna simu za kulipa kidogo kidogo. Zimewasaidia wengi wasioweza kutoa pesa zote kwa mpigo, nami sizipingi. Lakini chukua kalamu. Tuseme simu ni Sh12,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa Sh3,000 kwanza, kisha Sh60 kila siku kwa siku 365. Sh60 haionekani kuwa kitu, ni bei ya vitafunio. Zizidishe: ni Sh21,900. Ongeza zile 3,000, umelipa Sh24,900, yaani zaidi ya simu mbili. Uliza pia: nikikosa kulipa wiki moja, simu itafungwa? Mwanafunzi aliyefungiwa simu wiki ya mtihani hatasaidiwa na bei nafuu ya kila siku.

Ukishikilia simu mkononi dukani, bonyeza *#06#. Itaonyesha nambari ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, aga kwa heshima uondoke. Zikilingana si ithibati kamili, lakini umeshachuja matapeli wavivu. Wenye kumbukumbu hawajasahau mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa nchini kwa amri ya Tume ya Mawasiliano. Zaidi ya simu milioni moja zilinyamaza, na walioumia si waliozileta, bali waliozinunua.

Halafu dai risiti yenye jina la duka, tarehe, na maneno ya waranti: ni ya muda gani, nani atatengeneza, na je, naweza kurudisha chombo kisiponifaa nyumbani? Hilo la mwisho liandikwe kwa kalamu. Mimi sikuliuliza, ndiyo maana mwenye duka alinishinda kwa hoja.

Na ukidhulumiwa kweli, usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Ikiwa ni huduma ya simu au intaneti, andikia kampuni kwanza, uweke nakala na tarehe. Wasipokujibu, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Nilipopanda kwenda kumwomba dada msamaha, nilikwenda na Sh4,500, nusu ya hasara. Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la leso, akaniambia, "Kaka, hukutudanganya. Ila hukuja kuona tunakokaa." Sikuwa na jibu. Ni miaka miwili nilikuwa sijafika kwake, ingawa si mbali.

Rauta sasa iko kwa yule jirani wa juu ya mgongo. Wamekubaliana kuchangia bando, na kijana hupanda huko jioni na vitabu vyake. Si starehe, lakini kazi zake zinafika kwa wakati.

Nawe msomaji uliye Nairobi au Mombasa, ambaye mwezi ujao utawabebea wazazi televisheni ya kisasa au simu ya bei kubwa, piga simu nyumbani leo. Mwambie mdogo wako asimame sebuleni na akupigie kwa video. Picha ikiganda, utakuwa umeokoa pesa zako.